Hicho Kizunguzungu Kinakujiaje?

Ndugu msomaji, hebu keti asubuhi moja kwenye benchi la zahanati yo yote ya hapa Dar es Salaam, iwe ni Temeke, Manzese au huku kwetu Kimara, utege sikio wagonjwa wanapoulizwa wamekuja na nini. Kabla jua halijafika utosini utakuwa umelisikia neno "kizunguzungu" mara nyingi kuliko neno jingine lo lote, labda isipokuwa "homa". Mzee wa miaka sabini atalisema. Mama mjamzito atalisema. Kijana wa bodaboda ambaye hajatia kitu tumboni tangu jana mchana naye atalisema. Na karani atawaandikia wote watatu neno hilo hilo, kana kwamba wamekuja na mzigo mmoja.

Lugha yetu si maskini katika jambo hili. Wazee wa pwani wana neno kisunzi. Wana maluweluwe, yaani kuona vitu visivyokuwapo au vimulimuli vikielea mbele ya macho. Wana kiwi, ule mwanga unaompiga mtu machoni akashindwa kuona. Sisi wa mjini nasi twasema macho yameingia kiza, nimeona nyota, kichwa chepesi, dunia inapinduka, miguu haikanyagi chini. Kila moja ya semi hizi imebeba habari yake, na mganga aliyesoma angeweza kuitumia. Lakini tunapofika mbele ya meza yake twaziacha zote mlangoni na kuingia na moja tu. Tena hiyo moja, ukiitazama asili yake, inatokana na kuzunguka, ilhali wengi wanaoitumia hawajaona kitu cho chote kikizunguka.

Mimi mwenyewe nimekaa kwenye benchi hilo, kwa vipindi, muda wa miezi saba. Nakusimulia yaliyonipata kwa sababu jibu lake lilipatikana kwa njia ya maneno zaidi kuliko kwa njia ya sindano, nasi watu wa gazeti maneno ndiyo jembe letu.

Mara ya kwanza ilikuwa Ijumaa jioni, katika chumba cha habari, nikizipitia kwa mara ya mwisho kurasa za toleo la Jumapili. Nilifika kwenye neno "wafanyakazi" nikaona "wafa" na "kazi". Katikati pana tundu. Nikadhani ni kosa la chapa. Nikasogeza macho: silabi iliyopotea ikarudi, na iliyokuwa wazi ikatoweka. Kisha pembeni mwa lile tundu ukaanza kumeta mwanga mwembamba, umepindapinda kama meno ya msumeno, unatetemeka kama hewa juu ya bati wakati wa mchana. Ukakua. Ukawa upinde, mfano wa mwezi mchanga, ukisogea polepole kuelekea ukingoni mwa macho, na ndani yake hamna kitu: si kiza, si weupe, ila hamna. Nikafumba jicho la kushoto, mwanga upo. Nikafumba la kulia, upo. Nikafumba yote mawili, ungali upo, unameta gizani. Saa ya ukutani ilikuwa 11:40 ulipoanza, na ulipotoweka ilikuwa 12:05. Baada ya hapo sakafu ikawa kama sitaha ya boti iendayo Unguja wakati wa kusi, na hali hiyo ikadumu mpaka nilipofika nyumbani. Kichwa hakikuniuma. Kilikuwa kizito tu, kama cha mtu aliyelala mchana kutwa.

Mara ya pili ilinikuta kwenye foleni ya magari ya mwendokasi, Kimara Mwisho. Mara nyingine mwanga haukuja kabisa, bali sakafu peke yake ilianza kuyumba, ikayumba saa mbili tatu, ikatulia. Mara ambayo sitaisahau ni ile niliyokuwa na mwanangu wa miaka mitano, tumesimama kando ya Barabara ya Morogoro tukingoja kuvuka. Aijuaye barabara ile tangu ilipopanuliwa kutoka Kimara kwenda Kibaha ajua ni mto wa magari wa njia nane. Nikatazama kulia, nikaona barabara ni tupu. Mtoto akanivuta mkono akasema, "Mama, lori!" Lori lilikuwapo kweli, tena kubwa, la mchanga. Nusu ya kulia ya ulimwengu ilikuwa imeondoka bila mimi kuambiwa. Nilirudi nyuma hatua tatu, nikamwomba mama mmoja muuza mahindi ya kuchoma anishikie mtoto, nikakaa juu ya ndoo yake iliyogeuzwa mpaka mwanga ukapita. Mama yule hakuuliza kitu. Alinipa maji.

Tangu siku hiyo niliogopa, na hofu yangu ilikuwa na jina. Baba yangu alikufa kwa kiharusi, akiwa bado hajafikia umri wa kustaafu. Kwa sababu ya kazi yangu nilikuwa nimekwisha kusoma habari za uchunguzi uliofanywa kati ya mwaka 2003 na 2006, ambapo wataalamu waliwahesabu watu waliopatwa na kiharusi kwa mara ya kwanza katika sehemu za Dar es Salaam na katika Wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro. Matokeo yalichapishwa mwaka 2010. Wakisha kusawazisha tofauti za umri, waliona kwamba huko Hai ni watu kama 109 katika kila 100,000 kwa mwaka, na hapa Dar es Salaam ni kama 316. Karibu mara tatu. Sisi tunaoamka saa kumi za usiku kuwahi gari, tunaokula chipsi zenye chumvi tumesimama, ambao presha zetu hazijapimwa tangu uchumba, hatuna haja ya kuelezwa sana kwa nini.

Basi nikaanza kuzunguka kama wanavyozunguka wengine. Mwenye duka la dawa alinitazama usoni tu akasema ni "presha ya kushuka", ugonjwa ambao nadhani hauna mshindani katika mji huu kwa umaarufu. Akanishauri soda na chumvi. Kwenye zahanati moja nilipimwa malaria, kipimo kikasema hamna, nikapewa vidonge vya kuongeza damu bila damu yenyewe kupimwa. Mahali pengine niliuziwa miwani. Mama mkwe wangu, ambaye anipenda kama binti yake wa kumzaa, alinisikiliza nilipoeleza habari za upinde wa mwanga, akanyamaza kitambo, halafu akasema, "Mwanangu, hayo si ya hospitali. Wewe una mtu kichwani, naye anataka atambulike." Sikumbishia. Katika wote wale, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kunisikiliza mpaka mwisho.

Aliyeufungua mlango ni muuguzi mmoja wa umri wa mama yangu, katika kliniki ya uzazi wa majira. Sikwenda kwake kwa ajili ya kizunguzungu, nilikwenda kuchukua vidonge vyangu vya miezi mitatu kama kawaida. Nikamwamkia, akaitikia, akaanza kuhesabu pakiti. Katika mazungumzo nikataja kwamba siku hizi nasumbuliwa na kizunguzungu. Akaacha kuhesabu.

"Hicho kizunguzungu kinakujiaje?" akauliza.

Hakuna aliyekuwa ameniuliza hivyo. Nikasema, "Kinakuja tu, mama."

"Hakuna kinachokuja tu. Kinakuja umelala au umesimama? Kwa ghafula au polepole? Nyumba inazunguka, au wewe ndiye unayeyumba, au macho yanaingia kiza? Kinakaa muda gani? Kikiondoka kinaacha nini?"

Nikamweleza habari za tundu, za meno ya msumeno, za dakika ishirini na tano. Alipenyeza karatasi mbele yangu akaniambia nichore. Nikachora vibaya, maana mimi si mchoraji. Akaitazama karatasi, kisha akazisogeza zile pakiti zikarudi upande wake wa meza. "Hivi leo sikupi," akasema. "Kwanza ukamwone daktari, nami nakuandikia barua. Lakini hutatoka hapa bila kinga nyingine."

Daktari niliyepelekwa kwake alitumia muda mrefu katika kuuliza kuliko katika kupima. Alipima presha nikiwa nimelala na nikiwa nimesimama, akapima sukari na wingi wa damu, akanimulika ndani ya macho kwa taa, akanitembeza kwenye mstari ulionyooka kisigino mbele ya kidole. Yote yalikuwa sawa. Akasema nina kipandauso, kile kinachotanguliwa na mwanga. Nilishangaa, kwani nilizoea kulisikia neno hilo kwa watu wanaofunga kichwa kwa kanga na kulia kwa maumivu. Akanieleza kwamba kwa wengine mwanga hufuatwa na maumivu makali, kwa wengine na maumivu madogo, na kwa wengine hakuna maumivu kabisa. Na ile sakafu ya boti nayo yaweza kuwa sura nyingine ya kipandauso hicho hicho. Mwaka 2012 jumuiya mbili za kimataifa za wataalamu, moja ya magonjwa ya mizani ya mwili na moja ya magonjwa ya kichwa, zilikubaliana juu ya dalili za kukitambulisha kizunguzungu cha namna hiyo. Chaweza kudumu tangu dakika tano hadi siku tatu.

Hapo, msomaji, nilirudi nyumbani nikasoma kwa uchu wa mtu aliyekuta jina lake limechapwa kitabuni. Niligundua kuwa upinde wangu una historia. Mwaka 1870 daktari mmoja wa Uingereza, Hubert Airy, alipeleka mbele ya wanasayansi wa London michoro ya mwanga aliokuwa akiuona yeye mwenyewe. Aliufananisha na kuta za mji wa kale wenye ngome, zile zilizojengwa kwa pembe zinazotoka na kuingia. Baba yake, George Airy, aliyekuwa mkuu wa wanajimu wa serikali, naye alikuwa akiuona. Mwaka 1941 mtaalamu wa Marekani, Karl Lashley, akaupima wake kwa saa huku akiuchora hatua kwa hatua. Akapiga hesabu kwamba kitu fulani kilikuwa kikitembea juu ya ubongo wake, katika sehemu ya nyuma inayohusika na kuona, kwa mwendo wa kama milimita 3 kwa dakika. Miaka 3 baadaye Aristides Leão, kijana kutoka Brazili aliyekuwa akisoma Marekani, alikikuta kitu hicho katika ubongo wa sungura wa maabara: wimbi linalowasha chembe za ubongo kisha kuzizima kwa muda, likienda polepole mno. Kunakowaka ndiko kuonako meno ya msumeno. Kunakozimika ndiko kwenye tundu. Na kwa kuwa wimbi liko katika ubongo na si katika jicho, kufumba macho hakusaidii, wala miwani.

Huo mwendo wa polepole ndio uliompa daktari wangu uhakika. Kiharusi, hata kile kidogo kinachopita na kuondoka baada ya dakika chache, aghalabu huja kwa kishindo: mara moja mkono umekufa ganzi, mara moja nusu ya macho imezimika au jicho moja limeshushiwa pazia. Kiharusi hupokonya, hakimetimeti. Kipandauso huanza na nukta, kikakua, kikasafiri, kikaisha ndani ya saa moja, na kila kilichochukuliwa kikarudishwa. Laiti ningelisema "kizunguzungu" peke yake, hata daktari hodari asingelikuwa na njia ya kuvitenganisha viwili hivyo.

Sasa nije kwenye zile pakiti, maana hapo ndipo penye uzito kwa nyumba nyingi za wasomaji wetu.

Vidonge vya majira tulivyovizoea, vile vyeupe ishirini na kimoja vinavyofuatwa na saba vya rangi ya kahawia, vina homoni za aina mbili, na moja yao ni ile iitwayo estrojeni. Vimewasaidia akina mama wengi kupanga uzazi, nami sitaki mtu aliyefunga gazeti hili avitupe jalalani. Lakini Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake kwa watoa huduma, limewaweka wanawake wenye kipandauso cha kutanguliwa na mwanga katika daraja la nne, ambalo maana yake ni kwamba vidonge vyenye estrojeni wasipewe kabisa, wa umri wo wote. Sababu ni kwamba kipandauso cha namna hiyo chenyewe huongeza kidogo uwezekano wa kiharusi, na estrojeni nayo huongeza. Vikikutana katika mwili mmoja, na pengine presha au sigara vikawa ni wa tatu, uwezekano huo wapanda zaidi. Kwa mwanamke kijana hatari yenyewe ingali ndogo. Ila yaweza kuepukwa kwa kubadili njia tu, na njia ni nyingi: kitanzi cha shaba hakina homoni hata chembe, na zipo nyingine zisizo na estrojeni ambazo mtoa huduma atakueleza faida na mipaka yake. Jambo moja tu: usiache vidonge leo ukangoja kufikiri kesho. Nenda na vidonge vyako mkononi, ubadilishiwe pale pale, usije ukarudi kliniki kwa shughuli nyingine.

Jambo lililonikaa moyoni ni kwamba swali la mwanga halihitaji mashine. Halihitaji umeme wala maabara. "Je, kichwa kikitaka kukuuma, au hata bila kukuuma, huona vimulimuli au tundu machoni?" Sekunde kumi. Nimewauliza wanawake kumi na mmoja ninaofahamiana nao ambao wametumia vidonge hivyo, ofisini na mtaani. Wawili walikumbuka kuulizwa. Huo si utafiti, ni udaku wa mwandishi, lakini nauweka hapa.

Usije ukadhani, msomaji, kwamba kila kizunguzungu ni kipandauso. Jirani yangu fundi cherehani alisikia habari zangu akaja mbio akisema naye ana huo huo. Nikamwuliza maswali ya yule muuguzi. Kwake nyumba huzunguka hasa, paa linakwenda kama pangaboi, lakini ni pale tu anapojigeuza kitandani kwa upande wa kulia, au anapoinua kichwa kutafuta kitambaa rafu ya juu. Na haifiki dakika moja. Hicho ni cha sikio. Ndani kabisa ya sikio mna mifereji mitatu midogo yenye majimaji, ambayo ndiyo mizani ya mwili, na kando yake mna vichembe vya chokaa. Vichembe hivyo vikichomoka vikaingia mferejini, kila ukigeuka huyatibua maji na kuudanganya ubongo kuwa unazunguka. Aliyetufumbua macho juu ya mizani hiyo ni Robert Bárány wa Vienna, ambaye aligundua kwamba wagonjwa aliowaosha masikio kwa maji ya baridi au ya moto mno walishikwa na kizunguzungu na macho yao kuchezacheza. Akatunukiwa Nishani ya Nobel ya mwaka 1914, habari ikamkuta akiwa mfungwa wa vita nchini Urusi. Na mwaka 1980 daktari mmoja wa Marekani, John Epley, akaonyesha namna ya kuvirudisha vichembe mahali pake kwa kukigeuza kichwa cha mgonjwa hatua kwa hatua, bila dawa yo yote. Fundi wetu alifanyiwa hivyo na daktari wa masikio. Alitapika, akatukana kidogo, akarudi kwenye cherehani yake.

Hata ile "presha ya kushuka" si uzushi mtupu. Huku Kimara kwenye vilima, bomba likikauka siku tatu, mama hupandisha ndoo kichwani na kujinyima maji ya kunywa. Akiinama kufua na kuinuka ghafula, damu huchelewa kufika kichwani na macho huingia kiza. Hukaa sekunde chache, akikaa chini huisha. Wanaotumia dawa za presha hupatwa, wenye upungufu wa damu hupatwa, wenye kisukari waliochoma sindano wakakosa chakula hupatwa wakitokwa na jasho na kutetemeka. Na waliowahi kutundikiwa dripu ya kwinini wanakumbuka masikio yakivuma kama nyuki na macho yakififia. Hiyo ni dawa yenyewe, na inafaa kutajwa kwa daktari vile vile kama ugonjwa.

Ila yapo mambo ambayo hayangojei daftari wala maswali. Mdomo ukienda upande, mkono ukakosa nguvu, maneno yakakwama au jicho likazimika ghafula, mgonjwa apelekwe hospitali saa ile ile, hata kama hali imerudi kuwa njema. Kadhalika kichwa kilichopasuka kwa maumivu ambayo mtu hajawahi kuyaona maishani, au maumivu pamoja na homa na shingo kukakamaa. Na mama mwenye mimba iliyopita miezi mitano, akiona vimulimuli na kichwa kikamgonga, asiambiwe ni uchovu: hiyo yaweza kuwa ni dalili ya kifafa cha mimba, na presha yake ipimwe siku hiyo hiyo, si ya kliniki ijayo.

Kwa upande wangu, nimeambiwa nisiache mlo, nisikeshe bila sababu, ninywe maji ya kutosha, na nikianza kuona tundu nimeze dawa ya maumivu mapema na kutulia mahali palipo salama. Nimewaeleza wenzangu wa chumba cha habari. Tundu likija, ukurasa huchukuliwa na mwingine bila maneno. Mwanangu naye amefundishwa kwamba mama akisema "nusu saa," hatuvuki barabara. Ninalo daftari la senti chache ninamoandika tarehe, saa, nilichokula, nilivyolala, siku zangu za mwezi, na kilichonijia kwa maneno yangu mwenyewe. Daktari alipolisoma baada ya miezi minne alionyesha kwa kidole kitu ambacho mimi sikukiona: mara sita katika tisa zilikuwa siku nilizotoka nyumbani alfajiri bila chai.

Mwezi uliopita nilikwenda Muheza kumsalimu mama yangu. Usiku, tukiwa jikoni, nikamweleza yote, nikamchorea upinde kwa kaa la moto lililozimika, juu ya sakafu. Akautazama muda mrefu. Kisha akachukua kaa mkononi mwangu, akaongeza meno upande wa nje, akasema, "Wako ni mdogo. Wangu huanzia hapa."

Ameuona tangu msichana. Zile siku tulipokuwa watoto tukaambiwa tusipige kelele kwa kuwa mama ana kichwa, naye amejifungia chumbani madirisha yamezibwa kwa kanga, ndizo zilikuwa siku za mwanga. Alipoolewa alimwambia shangazi yetu mara moja, akachezewa ngoma siku tatu, kuku wawili wakachinjwa. Tangu hapo hakumwambia mtu tena, hata marehemu baba. Nikamwuliza kwa nini. Akasema kila alipotaka kusema, neno alilokuwa nalo ni kizunguzungu, na kila mtu alikuwa nacho.

Sasa ana umri ambao vidonge vya majira havimhusu, lakini presha yake yamhusu sana, nami nimemwomba aende nayo pamoja na habari za mwanga kwa daktari wa wilaya. Nimempelekea daftari kwa basi la Tanga. Kalamu amesema anayo.